Wayunani wa Vizibo

Kilichonichefua kwanza ni ugoro. Kila Jumapili baba mkwe wangu akishatoka sebuleni na mimi nikaingia, nilikuta ugoro umetapakaa mezani, umenata kwenye kofia za askari wangu wa udongo, na dadu lina unyevu ambao sikutaka kuuliza umetoka wapi. Nililishika kwa ncha ya khanga. Ptuu!

Kwetu Unyakyusa mke haonani na baba wa mumewe. Hakai naye chumba kimoja, hasemi naye, na akimwona njiani anakatiza migombani mpaka apite. Vijana wa sasa wanacheka. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimekaa bweni na wasichana wa kila kabila, na bado nilikuwa naruka mtaro na madaftari ya watoto mkononi nikiona koti lake linakuja. Mimi na mzee huyo ndio tuliopigana vita mezani, nyumbani kwetu Makandana, miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa, bila kuonana sura hata siku moja.

Vita yenyewe ilitoka kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya chai. Baada ya Uhuru alifunga virago akarudi kwao, akamwachia mume wangu, aliyekuwa karani wake, sanduku zito. Ndani mlikuwa na askari wadogo wa madini ya risasi, wapiga mishale na wapanda farasi, dadu, kijiti cha kupimia mwendo, na kitabu cha kanuni cha Kiingereza. Mume wangu alitaka kuwayeyusha wale askari auze risasi. Nilimwambia asithubutu. Kusoma kitabu nikajua hao ni Waajemi, wale wale wa kwenye Biblia, na kwamba adui zao Wayunani hawamo. Labda mwenyewe aliondoka nao, labda watoto wake walishawatupa zamani.

Baba mkwe naye akawaona. Alikuwa anatembea kutoka kijijini kwake Matwebe kila Jumapili baada ya ibada, na mkungu wa ndizi begani, kuja kumtazama mwanawe. Ujanani alikuwa askari wa Mwingereza vita ya pili, kule Burma, wenyewe waliita Bama, na kuanzia siku aliyowaona wale Waajemi hakuzungumza kingine. Alitaka adui.

Wakati huo huo mwalimu mkuu wangu aliniambia nimepata nafasi ya chuo. Mwaka mmoja tu, nipande daraja, nirudi. Jibu lilitakiwa kabla ya kufunga shule. Mke wa mtu hakuwa anajiondokea tu, kwa hiyo nilimwomba mume wangu akamwulize baba yake. Akaenda Matwebe, akarudi anatingisha kichwa kwa huzuni.

“Baba amekataa. Anasema mke aliyetolewa ng'ombe hapelekwi bwenini.”

Nikamtuma tena, safari hiyo na kilo ya sukari. Akarudi na jibu lile lile: baba amekataa tena, na sukari amekula. Nilimchukia yule mzee, sisemi uongo. Nilichukia koti lake, kikohozi chake, ndizi zake. Mume wangu alinipa pole nyingi. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na kwenye mikutano alisimama juu ya benchi akasema akina mama nao ni jeshi la maendeleo, wasiachwe nyuma, tukapiga makofi. Nyumbani alisema angekuwa yeye, ningeondoka hata kesho, lakini mzee ni mzee. Nikamwamini. Mwanamke mzima, mwalimu, nikamwamini!

Basi nikasema, kama ni vita anataka, atapata. Na labda akiona nina akili, atalegea. Nitawaunda Wayunani mwenyewe.

Nilichota udongo wa kijito kule bondeni, nikafinyanga watu wa urefu wa kidole. Kundi la kwanza nililitia kwenye makaa likiwa bado na maji ndani. Walilia pa! pa! pa! vichwa vikarukia kwenye mboga. La pili nililichanganya na mchanga, nikatoboa mkono wa kila mmoja kwa sindano ukiwa bado mbichi ili mkuki upite baadaye, nikalianika darini juu ya jiko mpaka likakauka kabisa, ndipo nikachoma. Mikuki ilikuwa vijiti vya mianzi. Kofia nilizifunika kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti za sigara, nikachomeka unyoya mwekundu wa jogoo. Ngao zilikuwa vizibo vya soda. Watoto wa darasa langu waliniokotea mpaka mbele ya maduka yote pakawa safi. Kila safu niliisimamisha juu ya kipande cha mbao ya sanduku la chai kwa gundi ya seremala, ile ya kuchemsha, inayonuka ngozi iliyooza. Nilikaa na harufu ile vidoleni nikifundisha hesabu, watoto wanaziba pua. Nilikuwa najichukia mwenyewe.

Lakini walikuwa wazuri, jamani. Myunani hapigani peke yake. Ngao yake inamfunika yeye nusu na mwenzake wa kushoto nusu, kwa hiyo kizibo kimoja kinalalia kingine mpaka safu nzima inakuwa ukuta. Mtu wa mwisho kulia hana wa kumfunika ubavu, ndiyo maana pale unaweka mashujaa. Nilipowapanga mezani mara ya kwanza niliona ndani yao vijana wa rika moja wa zamani wa kwetu, waliojenga kijiji chao pamoja na kula pamoja, bega kwa bega, hakuna anayejitenga.

Kanuni nilizisoma mimi, nikamweleza mume wangu kwa Kiswahili, naye akamfundisha baba yake. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii: Wayunani wakishafunga ngao, jemadari wao hana ruhusa ya kuwarudisha nyuma. Watasonga mbele, watasimama, au watavunjwa na adui. Mume wangu aliisikiliza akipiga miayo.

Tulicheza hivi. Jikoni kulikuwa upande wa pili wa ukuta wa mianzi na udongo. Mzee akiwa sebuleni mimi niko jikoni. Akimaliza kusogeza Waajemi wake anatoka kwenda barazani, mume wangu anagonga ukuta, mimi naingia, nafuta ugoro, natupa dadu, nasogeza Wayunani, narudi jikoni. Mume wangu alikuwa katikati, shahidi wa pande zote. Kila tulichotaka kuambiana alikibeba yeye, na mvua ya Tukuyu ilipiga mabati mchana kutwa hivi kwamba jikoni sikusikia neno.

Nilishindwa. Nikashindwa tena, na tena. Kila mara nilikuwa nasonga vizuri, nakaribia kabisa wapiga mishale wake, halafu narudi sebuleni nakuta safu imekatika, mashujaa wangu wa kulia wamelala kifudifudi, mume wangu anapangusa mikono. “Baba kapata sita,” anasema. “Pole, mke wangu. Ni vita.” Na juu ya maiti zangu, ugoro. Na chuo je, nauliza. “Nimemkumbusha. Anasema umeshindwa hata na mchezo, darasa la watu wazima utaliweza?” Niliingia migombani nikalia kwa hasira.

Wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, Jumapili, mvua haikunyesha. Jua liliwaka kama la Kyela, kule chini ziwani. Nilisogeza Wayunani wangu, ngao zimefungwa, hatua moja tu kutoka kwa wapiga mishale wa mzee. Zamu inayofuata ningewasaga. Nikarudi jikoni, nikainama kupuliza moto, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze nikasikia kila kitu.

Nilisikia mzee anaingia, kiti kinalia. Kabla hajakaa sawa nikasikia mbao inaburuzwa mezani, taratibu.

“Kasema anarudi nyuma, baba,” ikasema sauti ya mume wangu.

Kisha sauti ya mzee, Kiswahili chake cha kambini kisicho na herufi ya ra.

“Hawa? Hawa hawaludi nyuma. Wamefunga ngao. Si ulinifundisha mwenyewe?”

“Ni mwanamke, baba. Kaogopa farasi wako.”

“Huyu hajaogopa tangu tuanze. Kila Jumapili anakuja mbele vizuli, anafika hapa, halafu anahalibu. Nilidhani ananihulumia uzee. Nimechukia, ugwe mwanangu, nimechukia sana. Nenda kamuulize.”

Mume wangu akaja jikoni. Alikuwa na soksi zake za kanisani na tabasamu.

“Baba anakusifu,” alisema. “Anasema umejitahidi, ila amechoka, tuache kwa leo.”

Niliyatazama yale meno. Sijui kama umewahi kumtazama mtu unayelala naye ukaona kinyaa, si hasira, kinyaa hasa, kama umeshika kitu gizani ukagundua ni kitu gani. Ugoro wote wa mzee haukufika hapo. Huyu ndiye aliyebeba maneno yangu Matwebe. Huyu ndiye aliyeleta majibu.

Kusema na baba mkwe siwezi. Lakini kulikuwa na kuku anaatamia kwenye kona ya jiko, na kuku hana mwiko na mtu. Nikamgeukia, nikatoa sauti ya darasani, ile inayofika mpaka uwanjani.

“Wewe kuku! Mimi sikurudi nyuma! Nilisogea mbele, nikaacha hatua moja. Aliyewarudisha Wayunani yuko hapa jikoni kavaa soksi!”

“Una wazimu?” mume wangu alininong'oneza. “Baba anasikia!”

“Kuku ndiye ninayeongea naye.”

Upande wa pili kiti kikalia. Mzee akagonga fimbo sakafuni.

“Fimbo yangu, umesikia?” akasema. “Mimi nilijua. Askali anajua. Fimbo, mwambie huyo kuku nimepigana na adui mwema, na mwanangu ni takataka.”

Mume wangu alikaa kwenye kinu. Nilijua nisipouliza sasa hivi sitauliza tena, kesho kutwa shule inafungwa.

“Na wewe kuku,” nikasema, na sauti ya darasani ilikuwa imenikimbia, “mwulize mwenye fimbo nimemkosea nini. Mwaka mmoja tu. Kwa nini amenikatalia chuo?”

Mzee hakusema na fimbo wala na kuku.

“Chuo gani?”

Alimwita mwanawe, mara moja, kwa jina la utotoni. Mume wangu aliondoka kwenye kinu akaenda sebuleni, na ukuta ule wa mianzi haukunificha neno hata moja la yale aliyoambiwa. Sitayaandika. La mwisho lilikuwa “aende.”

Jumatatu asubuhi nilivaa viatu vyangu vya ngozi nikatoka kwenda kumwambia mwalimu mkuu kwamba nakwenda. Mume wangu alinifuata mpaka barabarani, amenyong'onyea, akaniuliza nina neno lolote la kumpeleka baba.

“Hapana,” nilimwambia. “Tumeshaongea.”