Viwiko Juu ya Usukani

Nikiwa mwalimu Rujewa, miaka ya sabini, kila likizo nilikwenda Mbeya kwa baiskeli kumwona mchumba wangu, na viganja vilikufa ganzi kabla ya nusu ya njia. Safari moja fundi akanifungia ubao juu ya usukani, akauviringishia blanketi kuukuu, nami nikalaza viwiko juu yake kama bwana mkubwa mezani. Mchungaji akanikuta njiani nimeinama hivyo, akavua kofia.

“Mwalimu, unasali?”

“Nastarehe, baba mchungaji.”

Mbele kidogo ng’ombe wakakatiza barabara. Kabla mikono haijafika kwenye breki, nikawa nimeshazama mferejini. Nilifika ukweni nimegandwa na matope. Baba mkwe alinipa suruali yake, fupi mpaka magotini, na mchumba wangu akacheka hadi chakula kikapoa.