Vigingi vya Mkuyu

Kiwanja changu cha kwanza nilinyang'anywa Kibondo, na kuchukuliwa kwake kulianza na kigingi kimoja. Nilikwenda Jumamosi kufyeka nyasi, nikakuta kijiti kimesimikwa pembeni, nikakipuuza. Wiki mbili baadaye vilikuwa vinne. Mwezi haujaisha nikaambiwa pale ni eneo la wazi, pole sana mwalimu. Hilo eneo la wazi leo lina nyumba ya bati jekundu na uzio.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilipohamishiwa Kasulu na kupata kiwanja kingine, kwenye mteremko juu ya chemchemi ya mtaa, nilikipitia kila siku nikitoka shuleni, mvua ikinyesha nipo. Upande wa chini nilipanda safu tatu za mikaratusi, ije kuwa nguzo na kenchi. Mimi mtu wa Singida, nimeishi nyumba za kupanga tangu nimalize chuo. Ile mikaratusi ndiyo ilikuwa nyumba yangu, ila bado ina majani.

Nyumba niliyopanga ilipakana na ya bibi mmoja wa Kiha, mjane, mpole kupita kiasi. Upole ule ndio ulionitia wasiwasi. Asubuhi ananiambia "Mwakeye, mwalimu," anainama na kupiga makofi taratibu kama wafanyavyo watu wazima wa huku, nami naitikia huku najiuliza huyu anataka nini kwangu. Siku ya kwanza alinikaribisha pombe ya ndizi. Akaionja yeye kwanza mbele yangu, akameza, ndipo akanipa. Ndiyo desturi yao: mwenye pombe huonja ili mgeni ajue haina sumu. Nikaona uungwana, lakini nikasingizia tumbo.

Bibi huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha kutunza chemchemi. Wanawake kama kumi na watano, na wazee wawili. Walifinyanga majiko ya udongo yanayokula kuni kidogo, wakakataza watu kufua pale kwenye maji, wakachimba makinga maji ili mchanga wa barabarani usishuke bondeni. Na yote hayo bure. Mimi nimeshahudhuria semina za kutosha, za soda na biskuti, kujua kwamba anayefanya kazi bure ana malipo yake mahali. Isitoshe, Buhigwe na Kakonko zilikuwa zimeshakatwa kuwa wilaya, na kila ukigeuka unaona watu na kamba wanapima ardhi. Nikawa nasubiri tu nijue kikundi kinataka nini.

Nikajua siku bibi aliponijia na wenzake wawili. "Mwalimu," alisema, "ile mikaratusi yako inakunywa maji ya watu. Tunaomba uikate, hata safu ya chini tu."

"Nitafikiria," nikamwambia. Kwetu hiyo maana yake sahau. Kumbe ni kiwanja, nikasema moyoni. Wanaanza na mti, watamalizia na udongo.

Mvua za Novemba zilipoanza nikaviona. Vigingi vinene kama mkono, vimesimikwa kwa mstari ulionyooka chini ya mikaratusi yangu, na kwa hesabu yangu vilikuwa vimeingia kwangu hatua mbili. Hasira ikanipanda. Safari hii sikungoja viwe vinne, kwanza vilikuwa vimeshazidi ishirini. Jumapili, kikundi kizima kikiwa kanisani, niliving'oa vyote, nikavifunga mzigo na kuubeba nyumbani kwa kupita njia ya migombani.

Mimi situpi mti. Bafu langu la uani lilikuwa limeliwa na mchwa, basi nikavichomeka vile vigingi kulizunguka na kufungia matete juu yake. Likapendeza. Nilioga siku ile nikiimba.

Jioni ya Jumatatu bibi alikuja hadi mlangoni. "Mwalimu, hukuona watu kule bondeni?"

"Sijaona mtu."

"Haya," akasema, akaondoka. Ile haya yake niliigeuzageuza kichwani siku tatu.

Mwezi wa kwanza bafu likaota majani. Nikayachuma, nikidhani ni maji yaliyobaki ndani ya mti. Baada ya wiki yakarudi, mengi zaidi. Nikamuuliza mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa Titye hapahapa Kasulu, kana kwamba ni swali la darasani: mti gani ukikatwa tawi na kuchomekwa ardhini huwa unaota?

Akacheka. "Huo ni mkuyu, sisi tunauita umuvumu. Hapa hata mtoto anajua. Wazee wanauchomeka kwenye chemchemi, wanasema ukishika mizizi maji hayahami."

Nilihisi masikio yanapata moto. Havikuwa vigingi vya kupimia chochote, ilikuwa miti. Ningevirudisha siku ileile, lakini ningevirudishaje bila kusema kwamba nilivichukua? Halafu ile hofu yangu ya Kibondo ikaninong'oneza: miti nayo si mpaka? Nani anajua? Basi nikanyamaza. Kila asubuhi kabla ya mswaki nikawa naingia uani kuchuma majani ya bafu langu, nayatupa chooni. Kadiri nilivyochuma ndivyo matawi yalivyogawanyika.

Kiangazi kilipofika, chemchemi ikabaki uzi. Foleni ya ndoo ilipanda mpaka barabarani. Nilikwenda mara mbili, na mara zote mbili wanawake waliacha kuzungumza nilipofika. Sikurudi tena. Nikawa nanunua kwa mwenye baiskeli, naye siku moja akaacha kuja, nikaapa kwamba kikundi kimemkataza. Lisemwalo lipo, nikajiambia, ingawa hakuna aliyekuwa amesema lolote isipokuwa mimi na nafsi yangu.

Siku ya pili bila maji, alasiri, bibi akaingia uani kwangu na ndoo kichwani. Akaitua, akaomba kikombe. Akachota, akanywa mbele yangu, akameza. Akachota tena, akanishikisha kwa mikono miwili.

Nikabaki nimekishika. "Bibi, kwani maji nayo huonjwa?"

"Hayaonjwi. Maji ni ya jirani."

"Mbona umeyaonja?"

"Nimekuonjea wewe, mwalimu. Nimeona unaniogopa."

Niliyanywa yote, na sijawahi kuona aibu kama ile maishani mwangu. Mama mzima, umri wa mama yangu, amepanda mlima na ndoo kichwani kuniletea maji ya ile chemchemi niliyoiibia, halafu inambidi athibitishe kwamba haniui.

Akaligeukia bafu. Mtaa mzima ulikuwa vumbi, ila bafu langu lilikuwa kijani, maana nilikuwa nimechelewa kuchuma siku mbili. "Vijiti vyetu umevitunza," akasema. "Sisi tulichomeka vingine badala yake, jua likaviua. Vyako vinanyweshwa kila ukioga."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kwanza. Nilikuwa nakuona unachuma. Nikasema, iko siku atachoka."

Nikamwambia nitaving'oa kesho yake nivirudishe mwenyewe, watu wote wanione. Akakataa. Ukichomeka kiangazi vinakufa, mvua ndiyo itakayoamua. "Ila usichume tena majani," akasema. Basi nikaoga miezi miwili na zaidi ndani ya ushahidi wangu mwenyewe, ukiota hadi juu ya matete, na kila apitaye barabarani anautazama. Hakuna aliyeniuliza neno. Ningependa wangeniuliza.

Safu ya chini ya mikaratusi niliikata yote. Sikuikata kwa furaha, nisidanganye. Kila mti ulipoanguka nilikuwa nahesabu chumba.

Novemba tukavishusha bondeni, matawi mazima sasa, na kuyachomeka mahali palepale, hatua zangu mbili zikiwemo. Nilikuwa nimepika chai ya tangawizi na kuibeba kwenye chupa. Wanawake walikaa kwenye majani, mikono imejaa tope. Nikamimina kikombe cha kwanza cha bibi, nikanyoosha mkono kumpa, kisha nikaurudisha. Nikaonja mimi kwanza.

Nilitegemea acheke, aseme chai haionjwi. Yeye alisubiri mpaka nimeze, ndipo akapokea.