Kazi Safi Mia Tano, Yenye Makosa Mia Nane

Jumapili, saa tisa alasiri, mtaani Kiamunyi. Kuluthum Shariff anahamisha kichupa cha gundi kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, anashusha pumzi, kisha anaanza kuharibu kazi yake.

Sakafuni mbele yake kuna flamingo wa maganda ya mayai, yaliyopakwa rangi na kubandikwa kwenye kadibodi. Ni ndege mzuri hasa. Sasa mguu mmoja unapinda, gundi inamwagika pembeni na jicho linateremka hadi karibu na shingo.

"Mtoto wa miaka kumi huanza na kichwa, halafu miguu inakosa nafasi," anaeleza bila kuinua macho. "Hayo nimeyajua kwa kufundisha. Mtu mwingine akijaribu kukosea, inaonekana tu ni mtu mzima."

Mlangoni, Muturi, mwenye duka la vipuri mjini, anatazama saa. Mradi wa binti yake wa Gredi ya Tano unatakiwa shuleni kesho asubuhi.

"Madam, hiyo mguu iko sawa? Last time teacher alikuwa karibu kujua."

"Iko sawa, boss. Imeharibika vizuri."

Kazi safi ni shilingi mia tano. Yenye makosa ya mtoto ni mia nane, na wazazi wengi huchukua hiyo. Wiki nzuri humpa elfu nne. Shule zikifungwa, hapati kitu.

Kuluthum, mwenye umri wa miaka 36, hakupanga kuishi hivi. Alisomea sanaa na ubunifu kwa miaka mitatu, akaongeza cheti cha ualimu, akiamini kazi hizo zingebebana: mchana afundishe, jioni abuni kadi za harusi na nembo za maduka, Jumamosi achore picha zake mwenyewe. Kwa miaka sita mambo yalikwenda hivyo. Hata nembo iliyo kwenye sweta za shule ya kibinafsi aliyofundisha, hapa hapa Kiamunyi, ni kazi ya mkono wake.

Kisha watu wakaanza kujitengenezea kadi kwa simu. Halafu sanaa, muziki na michezo vikaunganishwa kuwa somo moja, na shule ikaamua mwalimu mmoja anatosha. Ikabaki na wa michezo.

"Simlaumu, yeye alisomea mpira," anasema. "Lakini uchungu ninao. Siku yangu ya mwisho aliniuliza, 'Madam, hii rangi ya maji unachanganya na nini?'"

Binti yake, Malak, alibaki shuleni humo. Muhula uliopita darasa lake liliagizwa kutengeneza vinyago vya karatasi. Malak alikaa na chake siku nne, na mama yake hakukigusa hata kidogo. Kilikuwa na masikio matatu. La tatu, Malak alieleza, ni la kumsikia Mama akiita kutoka jikoni.

Mwalimu alikiandikia kwa wino mwekundu: chini ya matarajio.

Vinyago saba vya darasa hilo vilikuwa vimetoka katika chumba hiki. Vyote saba viliandikiwa kwamba vimezidi matarajio, vikapangwa juu ya kabati la darasa.

"Alirudi akaniuliza, 'Mama, zile zingine si ni zako? Gundi yako naijua.' Nikamwambia ndiyo. Akavua sweta ya shule, akaikunja. Afadhali angelia." Kuluthum anafuta vidole kwa kitambaa, polepole. "Nilimnyang'anya mtoto wangu alama kwa mikono yangu, na nikalipwa."

Tangu siku hiyo Malak hajashika penseli ya rangi nyumbani.

Ndiyo maana, Kuluthum anasema, leo ni Jumapili yake ya mwisho ya kupokea oda. Kuanzia Jumamosi ijayo chumba hiki kitakuwa darasa. Watoto watafanya kazi zao wenyewe, shilingi mia na hamsini kila mmoja, na wazazi watangoja nje.

Muturi anacheka kwa mshangao wa kweli. "Na marks zitatoka wapi?"

"Kwa mtoto."

"Huyo wangu hawezi, Madam."

"Hujawahi kumwacha akajaribu."

Muturi anamchukua flamingo, analipa mia nane na kwenda zake.

Wanane wamejiandikisha. Wazazi watatu kati yao wamekwisha kuuliza kama mtoto atarudi nyumbani na kitu kilichokamilika.

Malak anaingia kutoka madrasa, mkoba begani. Anaruka maganda ya mayai yaliyobaki sakafuni bila kuyatazama. Mama yake anafungua daftari la majina.

"Malak, nimekuwekea nafasi ya Jumamosi. Nikuandike?"

"Mimi sijui kuchora, Mama," anajibu, bila hasira yoyote. "Si Teacher aliandika?"

Anaingia chumba cha ndani. Kuluthum anabaki na kalamu mkononi.

"Wale wanane ni wa kodi ya nyumba," anasema. "Lakini siku huyu wangu atachora tena sikio la tatu, hapo nitajua nimerudi kuwa mwalimu."

Kisha anaweka kalamu chini na kuandika jina la Malak, wa tisa, kwa penseli.