Figa la Winfrida

Elida wa Kasingirima hakusoma sana, lakini maneno ya kuondoka usishindane naye. Anayajua yote, na mengi yamempitia yeye mwenyewe. Alipokuwa na miaka tisa, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, alikimbia. Kukimbia, atakuambia, ni kuacha chungu cha maharage kikichemka na usijue nani aliyala. Kuvuka ni jambo jingine: wachuuzi wa vitenge huvuka kwenda Kalemie, wakarudi wakilalamikia bei. Kuhama ni pale alipotoka Mwandiga na mumewe Yakobo na mtoto wao, asubuhi kweupe, majirani wamekwisha kuagwa, mawe matatu ya jikoni yamefungwa kwenye kanga.

Mawe hayo ni mila ya ukoo wao. Katika nyumba yao kila mtu alikuwa na figa lake. Anayesafiri huliacha jikoni. Anayehama huondoka nalo. Na mtu haulizwi kuhusu figa lake, maana kumuuliza ni sawa na kumfukuza.

Limebaki neno moja ambalo Elida hataki hata kulisikia: kulowea. Miaka kumi na miwili iliyopita Yakobo aliaga kwamba anakwenda Mpulungu, upande wa Zambia, kuuza dagaa. Wiki mbili tu, alisema. Kesho yake Elida aliinjika sufuria, ikalala upande, maji yakammwagikia miguuni. Figa la Yakobo halikuwepo. Mwanamume mzima kabeba jiwe kwenye begi, lakini kusema ukweli kashindwa! Mila aliiogopa kuliko alivyomwogopa mkewe. Mpaka leo yuko hukohuko, amelowea, na mahali pa figa lake Elida ameweka tofali.

Sasa mwaka huu Winfrida, binti yao wa pekee, fundi cherehani mwenye mkono mwepesi, akapata kazi ya kushona sare. Wapi? Mpulungu hiyohiyo.

"Mama, nahamia Zambia!" alisema huku akirukaruka.

Elida alimpongeza, akamkumbatia, akaenda uani kulia. Nahamia! Vijana wa siku hizi husema wanahama hata wakibadilisha saluni, hilo analijua. Lakini neno lilimsumbua mwezi mzima, na kuuliza hakuweza.

Siku ya safari alimsindikiza bandarini. Begi la Winfrida lilikuwa zito, na Elida akajikuta anatafuta kwa macho umbo la jiwe ndani yake. Meli ilipoondoka alirudi nyumbani, akaketi kwenye kibaraza. Jikoni hakuingia. Saa nane ikamkuta palepale, njaa inamuuma, roho inamuuma zaidi.

Jirani yake Marcelina akatokea na kijiko chake cha kuchukulia moto.

"Mama Winfrida, naomba kaa moja."

"Sijawasha, Mama Feliksi."

"Saa hizi hujawasha? Unaumwa?"

"Siumwi. Hebu ingia jikoni uniangalizie. Mafiga yako mangapi?"

Marcelina alimtazama kama mtu aliyechanganyikiwa, kisha akaingia. Elida alifumba macho.

"Mawili, na hilo tofali lako," sauti ilitoka ndani. "Halafu hili moja limekandikwa udongo mbichi chini. Nani kalikandika?"

Elida aliinuka mbio, magoti yake mabovu kayasahau. Akapiga magoti mbele ya jiko. Ni kweli. Figa la Winfrida lilikuwa mahali pake, na udongo umelizunguka vizuri ili lisisogee, alama za vidole vyembamba bado zinaonekana. Alilishika kwa mikono miwili. Alicheka, akalia, akacheka tena. Alifurahi, basi, hakuna namna nyingine ya kulisema.

Aliwasha moto, akampa Marcelina kaa lake, akaanza kupima unga wa ugali. Akapima wa watu wawili, kama jana. Alipogundua, hakuupunguza.

"Mama Feliksi, rudi ule," aliita. "Mwenye sehemu yake amesafiri."