Nafasi Tupu Kwenye Daftari la Maji

Wewe unayenisikiliza, usiogope haya mambo ya akili bandia. Nitakueleza polepole, na kosa langu sitalificha.

Katika ushirika wetu wa mpunga, huko Bwegera, zamu za maji ya mfereji ziliandikwa daftarini miaka mingi. Baadaye nikazihamishia kwenye kompyuta, katika ghala la data. Ghala hilo hujibu, lakini mpaka uliulize kwa lugha yake. Ndiyo maana nililiunganisha na msaidizi wa akili bandia: unamuuliza kwa Kiswahili, anageuza swali, analipeleka ghalani, anarudi na jibu. Nilimpa ruhusa ya kusoma tu, kama mtu unayemwachia ufunguo wa stoo aangalie bila kubeba kitu.

Papa, mzee wetu anayefungua mfereji, alifurahi sana. Akauliza mashamba gani hayana mkulima, ili maji yake yaende kwa wengine. Zikatoka namba tatu. Akayafungia maji.

Siku ya nne mama mmoja aliingia biro, ofisini kwetu, matope hadi magotini, mkononi miche ya mpunga iliyokauka ncha. Mumewe alikuwa amefariki wiki chache tu zilizopita.

"Weye, mashini yako iko inasema shamba yangu haina mwenyewe? Na minye niko nani? Muzimu?"

Papa akainamisha kichwa. "Mama, unisamehe. Nilizani umerudia kwenu Bijombo."

"Na haukuuliza minye, uliuliza mashini! Kwani ile mashini ilifika ku kilio?"

Papa akatoka mbio kwenda kufungua maji. Mimi nikabaki mbele ya kompyuta, na hapo nikaelewa.

Kwetu, mkulima akifa tunaondoa jina lake, lakini la mjane hatuliandiki mpaka kilio kimalizike. Kumwandika mapema ni kama kumsukuma marehemu nje ya mlango. Nafasi inabaki tupu, na sisi tulioandika daftari tunajua kwamba mama ndiye anayelima. Mashamba mawili kati ya yale matatu yaliandikwa "limeachwa". La mama lilikuwa tupu. Msaidizi aliona utupu, akasema hakuna mtu. Hakudanganya, mimi ndiye ambaye sikumweleza.

Nikafungua ghalani maelezo ya safu ya majina ya wakulima, nikaandika: "Nafasi tupu maana yake nyumba iko kwenye kilio. Shamba lina mkulima, apewe maji." Nikauliza upya. Zikatoka namba mbili.

Miche ya upande wa chini ilipona. Ya juu tuliipanda upya pamoja na mama, Papa akiwa wa kwanza kuingia matopeni, mama akimcheka jinsi anavyopinda mgongo.

Nawe, kabla hujamuunganisha msaidizi na data zako, kaa na wale walioandika daftari, uwaulize kila nafasi tupu ina maana gani, kisha uiandike.