Bluzi ya Mwendo wa Mbio

Fundi Redio hupenda kusimulia kisa hiki mwenyewe, tena kwa wateja, jambo ambalo mkewe analiona kuwa ni upungufu wa akili ya biashara. Huanza kwa kujicheka kabla mtu hajamcheka. Kisha huweka chini bisibisi, hufuta mikono kwenye suruali, na mteja aliyekuja kuulizia spika yake hana budi kutulia.

Kibanda chake kina meza moja, na rafu zilizojaa redio zilizopasuliwa matumbo. Nyumbani, juu ya kabati la vyombo, ana mashine yake mwenyewe, na hiyo ilikuwa haiguswi na mtu. Aliiunda akiwa bado mwanagenzi kwa mabaki ya redio tatu, akachukua kasha la hii, mota ya ile na spika ya nyingine. Ndani yake kulikuwa na kaseti moja tu, ya mpiga gitaa la bluzi, muziki wa huzuni, ambaye wapenzi wake humwita Mzee wa Nyuzi. Kaseti nyingine yoyote ilipigwa marufuku, kana kwamba ingeitia mashine najisi.

Kwa kaseti hiyo Fundi alijifunza gitaa. Aliketi na kusikiliza, akarudisha mkanda nyuma, akasikiliza tena, mpaka vidole vikaota sugu. Ilimbidi akaze nyuzi kuliko kawaida ili zilingane na zile za Mzee, nazo zilikatika kila mara, moja iliwahi kumchapa shavuni, naye akalaumu viwanda vya siku hizi. Alipoimba, sauti ilipanda mpaka mishipa ya shingo ikasimama na macho yakamtoka. Mtaani alijipiga kifua kwamba hakuna mwenye kasi kama yake. Hapo hakusema uongo.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuvutiwa. Mkewe ni mkunga katika zahanati ya mtaa wa pili, mwanamke asiyepaparika. Kaseti ikiwekwa, huinuka na kwenda kuosha vyombo, hata vilivyo safi.

"Huyo kijana anakimbilia wapi?" aliuliza mara ya kwanza, siku za uchumba.

"Si kijana, ni mtu mzima. Anaeleza huzuni yake."

"Mimi nakaa na wenye uchungu kila siku, Fundi. Hakuna anayelia kwa haraka hivyo."

Hapa tusitanie, jambo hilo lilimuuma. Waliafikiana katika kila kitu, wakalea watoto, wakawaoza, wakabaki wawili nyumbani. Lakini kile alichokipenda kuliko vyote alikipenda peke yake, huku mkewe yuko jikoni akigonganisha sufuria. Alitamani akae naye hata mara moja, asikie anachosikia yeye.

Ndipo likabandikwa tangazo kwamba Mzee wa Nyuzi angepiga katika ukumbi wa mikutano karibu na soko, Jumapili alasiri. Ilisemekana ni ziara yake ya mwisho, maana vidole vimeanza kuvimba. Fundi alimbembeleza mkewe wiki nzima. Mkunga akabadilishana zamu na mwenzake, si kwa ajili ya bluzi, bali kwa sababu hajawahi kumwona mumewe akipiga pasi shati kwa hiari yake.

Ukumbi ulijaa, na nusu ya waliokuwamo walikuwa wateja wake, kwa kuwa ndiye aliyewachochea waje. "Mtaona vidole vinavyokimbia!" alikuwa amewaambia. Akachagua viti vya mbele, akakagua vipaza sauti kwa jicho la kitaalamu, akamnong'oneza mkewe kwamba kimoja kina waya uliolegea. Mkewe akamwomba awe mgeni kama wageni wengine.

Mzee aliingia akishikwa mkono, akaketi kwenye kiti cha kawaida, akaliweka gitaa pajani. Lilikuwa limechubuka rangi pale mkono unapopita. Akapiga uzi mmoja, akauacha ulie mpaka ulipochoka wenyewe. Akapiga wa pili. Sauti yake ilipotoka ilikuwa nzito, imekaa chini kabisa, na kati ya neno na neno mtu angeweza kuvuta pumzi na kuitoa.

Fundi alifadhaika. Wimbo ndio ule, lakini ulikuwa unatambaa! Alimwonea huruma Mzee, akajionea huruma na yeye, kwa sababu amemleta mkewe baada ya maisha mazima, na huyu hapa uzee umemmaliza. Hakuthubutu kumtazama mkewe. Akaona ni wajibu wake, kama mpenzi wa kweli, kumtia moyo Mzee.

"Kaza mwendo, mzee wetu!" akapaza sauti.

Mzee akalaza kiganja juu ya nyuzi.

"Nani huyo ananiharakisha?"

Majirani hawakuchelewa kumwonyesha kwa vidole.

"Wimbo huu nimeupiga hivi hivi tangu nina meno yote," alisema Mzee, bila hasira. "Wewe umeusikia wapi ukienda mbio?"

"Kwenye kaseti, mzee. Kwenye redio yangu nyumbani."

"Basi, mwanangu, ipeleke kwa fundi."

Kicheko kilichozuka hapo, Fundi husema, alikisikia hadi kwenye magoti. Mwenye duka la viatu alisimama juu ya kiti akapiga kelele, "Mzee, huyo ndiye fundi!" Mwingine kutoka nyuma akaomba arudishiwe redio yake kesho asubuhi, iwe imepona au haijapona. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akapanguza macho.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Katika aibu hiyo, akili yake ya kazi ikazinduka ikiwa imechelewa sana. Ile mota! Ilikuwa ya mashine ya aina nyingine, yenye mwendo mkubwa zaidi, na mkanda ukienda mbio sauti nayo hupanda. Nyuma yake kuna kiskurubu cha kupunguzia kasi, na amewarekebishia watu wengi wasiohesabika. Cha kwake hakuwahi kukigusa, kwa sababu alipenda alichosikia. Nyuzi zilizokatika hazikuwa na kosa. Huyo kijana asiye na ndevu aliyemsikiliza maisha yake yote hakuwahi kuzaliwa.

Alimgeukia mkewe ajitetee. "Mama watoto, kumbe ile mota..."

"Nyamaza nisikie."

Mzee alikuwa ameanza upya. Mkunga alikaa ameegemea mbele, mikono imelala mapajani, machozi yakimtiririka naye hayafuti. Fundi alifurahi, na papo hapo akaona haya, kwa kuwa mwanamke huyu hakuwahi kuikataa bluzi. Hakuwahi kuletewa.

Walipofika nyumbani jua lilikuwa bado kwenye dirisha la jikoni. Mkewe alivua viatu, akavuta kigoda.

"Nipigie ule wa kwanza. Kama alivyoupiga yeye."

Fundi akalegeza nyuzi mpaka zikashuka mahali pake, akaanza taratibu. Loo, aliumbuka! Ile mbio ilikuwa imemfichia mambo. Kila kosa lililokuwa likipita upesi sasa lilisimama katikati ya chumba na kujitambulisha. Kidole kilikwama, uzi ukakwaruza, sauti yake haikujua ikae wapi huko chini. Akaacha kupiga, akasubiri kusikia sufuria zikigongana.

"Hapo umekosea," alisema mkewe kutoka kwenye kigoda. "Rudia."