Gari Nyeupe ya Doka

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ilikuwa ya jua kali pale Arua, na nilikuwa nahangaika kati ya gari mbili ndogo kama mtu aliyepotelewa na kitu. Jana uliponiuliza, kati ya gari mbili unazotaka kununua wewe, ipi inakunywa mafuta kidogo, niliacha chakula nikatoka nje. Ulidhani nimekasirika. Hapana. Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo nitainuka tena kabla sijamaliza. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo soma polepole.

Ulikuwa mwaka ule Wahindi walipofukuzwa. Nilikuwa dereva wa lori la mtu, nabeba tumbaku, na nilitaka gari yangu mwenyewe nipakie abiria wa Arua na Koboko. Petroli ilikuwa ya foleni na madebe. Gari kubwa ilikuwa mambo ya wakubwa. Mimi nilitaka ndogo, inayokunywa kwa adabu.

Ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu Andrua wa Dadamu. Ya bluu, mgongo wa mviringo, injini nyuma, mlango mmoja umefungwa kwa mpira wa tyubu. Alitaka kuiuza apate kuezeka nyumba. Aliniambia ubaya wake wote kabla sijauliza.

"Mlima hii inalia. Mvua inaingia hapa. Lakini galoni mbili inakupeleka Koboko na inakurudisha. Na ikikufia njiani, wewe kuja kwangu, tutasukuma pamoja."

Ya pili ilikuwa nyeupe, karibu mpya, ya Mhindi aliyekuwa na duka la baiskeli. Sasa ilikuwa mkononi mwa Sajenti Doka, mtoto wa kijiji cha Lurujo, tuliyechunga naye mbuzi. Jina lake naliandika waziwazi kwa sababu watu wengi hapa wanalimeza.

"Ile ya mwalimu utasukuma mpaka uzeeke," Doka aliniambia. "Chukua hii. Mimi sitaki kitu kwako, wewe ndugu yangu. Siku nikiwa na safari kidogo, utanipeleka tu."

Wiki nzima sikutulia. Asubuhi niko Dadamu naishika ile ya bluu, jioni niko mjini naizunguka nyeupe. Mwisho nikachukua nyeupe, nikaipeleka Koboko kwa habuba, bibi yangu aliyenilea.

Kwetu gari mpya haibebi mtu kabla mzee wa nyumba hajachukua maji mdomoni akapulizia magurudumu. Habuba alikuja na kibuyu chake. Lakini kabla ya kunywa alifungua mlango, akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kiatu cha mtoto. Kimoja, chekundu.

"Mwenyewe iko wapi?"

"Wameenda, habuba."

"Wameenda ama wamefukuzwa?"

Nikaanza kufuta vumbi kwenye kioo.

"Hii gari iko na mwenyewe. Rudisha. Chukua ile ya mwalimu, hata kama inalia."

"Lakini nyeupe inakunywa kidogo."

"Leo inakunywa kidogo," akasema. Akamwaga maji chini, akaingia ndani na kile kiatu.

Hapo nikafanya jambo ambalo mtu wa kwetu hafanyi. Nilikimbilia mtungini, nikajaza maji mdomo wangu mwenyewe, nikapulizia gari yangu mwenyewe. Jirani mmoja akaniuliza, "Na siku ukikufa, utajizika pia?" Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda.

Miaka mitano ile gari ilitulisha. Safari za Doka mwanzoni zilikuwa ndogo kweli: kuku za mama yake, gunia la sukari. Lakini karatasi za gari hazikuwa na jina langu, na neno lake moja lingetosha kuniondoa barabarani, mimi na gari. Nikaanza kuujua mlio wa buti zake. Nikiusikia, nawasha gari kabla hajaniita.

Kisha Doka akachukua mabati ya shule ya Dadamu. Mwalimu Andrua akasema jambo hilo kanisani, mbele ya watu, na jina akalitaja. Siku chache baadaye, saa tisa mchana, Doka akanijia na wanaume wawili.

"Twende Dadamu kidogo."

Nilijua. Mtu asikudanganye kwamba sikujua. Tangi ilikuwa nusu. Ningeweza kusema, petroli imekwisha, afande. Maneno matatu tu. Tangu siku ile nayasema kila ninapotembea peke yangu, na watu wanadhani nasali.

Tulimkuta Mwalimu anapukuchua maharage na mke wake, Mama Candiru. Walimketisha nyuma, katikati yao, magoti yamefika kifuani kwa sababu gari ilikuwa ndogo. Njiani akanitazama kwenye kioo.

"Kijana, hii nyeupe inakunywa kiasi gani?"

Doka akacheka. Mimi sikujibu. Tulipofika kwenye geti moja nje ya mji, Doka akasema, "Tuache hapa. Wewe rudi, ndugu yangu." Nikarudi. Mwalimu hakurudi.

Mwaka wa vita, serikali ya kina Doka ilipoangushwa, tulikimbia. Petroli ilitukatikia Lurujo, kwao Doka, na hapakuwa na mtu wa kuja kusukuma. Nikaiacha gari ndani ya mihogo, tukaenda kwa miguu mpaka Kongo. Habuba alifia huko, na mimi nikamzika.

Tuliporudi kutoka ukimbizini nilikwenda Dadamu. Nilimwambia Mama Candiru kwamba dereva nilikuwa mimi.

"Najua," akasema. "Hata kama nilikuwa nalia, uso wako niliuona. Alisema nini njiani?"

Nikamwambia.

"Na wewe ulimjibu?"

"Hapana, mama."

"Haya," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Doka leo ana duka la misumari Koboko, na akiniona ananiita ndugu yangu. Basi wewe jua. Aliyemchukua Mwalimu Andrua ni Doka wa Lurujo. Aliyeendesha ni mimi baba yako.

Sasa swali lako. Mwanangu, mafuta utayajua ukishaendesha. Kwanza uliza gari imetoka mkononi mwa nani, na mwenyewe aliiacha kwa hiari au kwa kilio. Anayekuonyesha ubaya wa gari yake, mpe pesa yako. Anayekupa bure na kukuita ndugu, mrudishie funguo siku hiyohiyo, hata kama utatembea kwa miguu. Karatasi ziwe na jina lako.

Ukinunua, usilete kwangu kupuliziwa maji. Mdomo wangu ulishaharibu kazi hiyo. Mpelekee Mama Candiru, mwambie wewe ni mtoto wa nani, na asipotaka, usimlazimishe. Mimi nakuombea hili tu: Mungu akupe gari ambayo, mtu mbaya akisimama mlangoni, utaweza kumwambia petroli imekwisha, na urudi ndani umalize chakula chako.